Duka la Mtandaoni: Kibanda Sokoni au Mlango Wako Mwenyewe?

Katika makundi ya WhatsApp ya Waswahili tulioko ughaibuni, hazipiti wiki mbili kabla swali hili halijarudi: "Jamani, nataka kuanza kuuza mtandaoni. Nifungue wapi?" Majibu huja kwa kasi. Mmoja atasema Etsy, wa pili Shopify, wa tatu atasema Amazon ndiko waliko watu, na kijana wa chuo atasema usimlipe mtu, weka WordPress na WooCommerce yake. Kila mmoja anasema kweli kwa upande wake, kwa sababu kila mmoja anauza kitu tofauti kwa watu tofauti. Lakini aliyeuliza hubaki palepale.

Mimi nimeolewa Mombasa na ninaishi Dallas, Texas. Pamoja na wifi yangu tuna duka dogo la kanga, vikoi na mikoba ya kitambaa cha kanga. Yeye hununua mzigo Biashara Street, mtaa unaojulikana na kila mwenyeji wa Mombasa kwa kanga na vikoi, na ana fundi wake wa kushona mikoba. Mimi hupokea mzigo huku, hufunga oda, huzipeleka posta na kushika hesabu. Faida inayopatikana ndiyo inayolipa ada ya shule ya watoto wake wawili. Kwa hiyo tulipokaa kuchagua jukwaa, hatukuwa tunachagua uzuri wa ukurasa. Tulikuwa tunaangalia fedha itaingia siku gani, itakatwa kiasi gani, na mambo yakiharibika tutabaki na nini mkononi.

Ninayoeleza hapa ni namna tulivyopima. Bei nitakazotaja ni za Marekani ninapoandika. Kampuni hizi hubadilisha bei zao mara kwa mara, kwa hiyo zikague mwenyewe kabla hujalipa chochote.

Soko ni kitu kimoja, duka ni kingine

Watu huyaweka majina haya yote kwenye kapu moja, wakati yamo makundi mawili yasiyofanana.

Kundi la kwanza ni masoko: Etsy, Amazon, eBay. Hapa wanunuzi wameshajaa kabla hujafika. Wewe unapanga kibanda, unapanga bidhaa, na mwenye soko anakata kamisheni kwa kila unachouza. Etsy ilianzishwa mwaka 2005 huko Brooklyn, New York, kwa ajili ya watu wanaotengeneza vitu kwa mikono. Mpaka leo kanuni zake zinaegemea huko: vitu vya mikono, vitu vya kale vya miaka 20 au zaidi, na malighafi za ufundi kama vitambaa na shanga. Mkoba ulioshonwa na fundi wenu una nafasi yake pale. Kanga inaweza kuingia kama kitambaa cha kushonea. Lakini anayenunua bidhaa za kiwandani na kuziuza tena kama kazi ya mkono wake atafungiwa, na ni haki.

Kundi la pili ni maduka yako mwenyewe. Shopify na WooCommerce hazikuletei mnunuzi hata mmoja. Zinakupa jengo: rafu za bidhaa, kikapu, mahali pa kulipia na daftari la oda. Shopify ilizaliwa Ottawa, Kanada. Mwaka 2004 kijana mhamiaji kutoka Ujerumani, Tobias Lütke, alikuwa na wenzake wakitaka kuuza mbao za kutelezea kwenye theluji mtandaoni. Hawakuridhika na programu zilizokuwapo, wakaandika ya kwao, na mwaka 2006 wakaanza kuwauzia wafanyabiashara wengine. WooCommerce ilitolewa mwaka 2011 na kampuni ya WooThemes, ambayo wawili kati ya waanzilishi wake watatu ni Waafrika Kusini. Ni programu huria: hulipi kuitumia, bali unalipia mahali pa kuiweka.

Tofauti ya hizi mbili ni kama nyumba ya kupanga na nyumba yako. Kwenye Shopify unalipa kodi ya kila mwezi, na paa likivuja mwenye nyumba analiziba. Kwenye WooCommerce nyumba ni yako, na paa nalo ni lako: kusasisha programu, kuhifadhi nakala, kuzuia wezi wa mtandaoni. Kama ndani ya familia yupo mtu anayejua kazi hiyo na atakayekuwapo hata mwaka ujao, ni nafuu kubwa. Kama anayejua ni mpwa aliye mwaka wa mwisho chuoni na hujui atahamia mji gani, fikiri mara mbili.

Hesabu ya doti moja

Tuchukue doti moja ya kanga inayouzwa dola 30, na posta ya ndani ya Marekani dola 6. Mteja analipa dola 36, bila kuhesabu kodi ya mauzo.

Kwenye Etsy utalipa senti 20 za kuorodhesha bidhaa, ambazo hudumu miezi minne au mpaka iuzwe. Halafu kuna kamisheni ya asilimia 6.5. Wengi hawajui kwamba kamisheni hii inakatwa hata kwenye fedha ya posta, kwa hiyo ni asilimia 6.5 ya dola 36, yaani dola 2.34. Kisha ada ya kupokea malipo, asilimia 3 na senti 25, inayofanya dola 1.33. Jumla dola 3.87.

Bado kuna matangazo. Etsy hutangaza bidhaa za wauzaji wake nje ya soko lake, na mtu akibonyeza tangazo kisha akanunua ndani ya siku 30, muuzaji hukatwa asilimia 15 zaidi. Kwa doti yetu hiyo ni dola 5.40, na jumla inafika dola 9.27. Muuzaji ambaye hajafikisha mauzo ya dola 10,000 ndani ya mwaka anaweza kujiondoa kwenye mpango huo, naye anapaswa kujiondoa kwa mkono wake kwenye mipangilio. Akishavuka dola 10,000 hana hiari tena, ila kiwango kinashuka kuwa asilimia 12.

Kwenye Shopify, mpango wa Basic ni dola 39 kwa mwezi, au dola 29 kwa mwezi ukilipia mwaka mzima. Kadi inakatwa asilimia 2.9 na senti 30, yaani dola 1.34 kwa doti yetu. WooCommerce ukiiunganisha na Stripe inakata hivyohivyo, dola 1.34, na mahali pa kuhifadhi tovuti tuseme dola 15 kwa mwezi.

Sasa toa dola 1.34 kwenye dola 3.87. Tofauti ni dola 2.53 kwa kila oda. Gawa dola 39 kwa dola 2.53 utapata oda 15 na kidogo. Maana yake, anayeuza oda 16 au zaidi kwa mwezi anaanza kupata nafuu Shopify kuliko Etsy. Akilipia mwaka mzima, nafuu inaanzia oda ya 12. Kwa WooCommerce ya dola 15, inaanzia oda ya sita.

Hesabu hii niliiandika kwenye karatasi nikampigia wifi picha. Alinijibu kwa sauti, maana hapendi kuandika: "Wifi, hesabu yako nzuri, lakini hizo oda 16 atazileta nani? Mimi nataka mahali ambapo watu wako tayari. Huko kwenye nyumba yetu peke yetu tutakaa tukitazamana."

Hapo alikuwa amegusa penyewe. Kamisheni ya soko ni malipo ya kuletewa mnunuzi. Anayeilinganisha na kodi ya duka bila kuhesabu gharama ya kumtafuta mnunuzi anajidanganya.

Usimlipie kamisheni mteja uliyemleta mwenyewe

Basi tukayafungua madaftari yetu ya zamani, tulipokuwa bado tunauza kwa WhatsApp tu, tukaandika kila mteja alitupata vipi. Kazi ile ilichukua jioni moja, nayo ndiyo iliyotuamulia.

Wateja wetu walikuwa wa aina mbili. Wa kwanza ni Waswahili wenzetu. Hawa wanajua wanachotaka kabla hawajafungua simu: kanga za sare kwa ajili ya harusi, doti 20 za rangi moja, kikoi cha babu, zawadi ya Idi. Wanauliza jina la kanga lililoandikwa chini ya mji wake, maana hakuna anayetaka kumpelekea mama mkwe kanga ya mafumbo. Hawa walitupata kwa dada, kwa shangazi, kwa msikiti, kwa kanisa, kwa kundi la wazazi.

Wa pili ni wageni wasiotujua kabisa. Wanatafuta mkoba wa kitambaa cha Kiafrika, wanaona picha, wanapenda, wananunua. Hawa hawawezi kutufikia ila kupitia soko.

Ukishayatenganisha makundi haya, jibu linaanza kujitokeza. Binamu yako aliyekuja kwa simu yako haina maana kumpeleka Etsy ukakatwe dola 3.87. Mgeni wa Oregon asiyekujua, dola 3.87 si ghali kumpata. Etsy yenyewe inaitambua tofauti hii: ina mpango unaomrudishia muuzaji asilimia 4 ya thamani ya oda ikiwa mnunuzi alifika kwa kiungo alichokisambaza muuzaji mwenyewe. Ni unafuu mzuri, ila lazima ujiunge nao na utumie viungo vyake.

Kwa Amazon tulipima pia. Kamisheni kwa bidhaa nyingi ni asilimia 15, na juu yake ama dola 0.99 kwa kila kinachouzwa ama dola 39.99 kwa mwezi. Kwa mwenye bidhaa moja inayouzwa kwa mamia, huenda ikamfaa. Kwa kanga, ambazo kila mzigo unakuja na michoro mipya na majina mapya, tungeshinda tunaandika kurasa za bidhaa ambazo hazitarudi tena.

Siku akaunti itakapofungwa

Jamaa yetu mmoja huko Ulaya, ambaye simtaji wala silitaji soko alilokuwa akiuzia, aliuza viungo vya pilau na biriani kwa miaka kadhaa. Siku moja alikuta akaunti yake imefungwa kwa uchunguzi. Barua aliyoandikiwa ilikuwa ya mashine, haina jina la mtu wa kumjibu. Fedha za oda za wiki tatu zilizuiwa, akaja kuzipata baada ya miezi. Fedha zilirudi, lakini wateja hawakurudi. Walikuwapo watu waliokuwa wakinunua kwake kila mwezi, naye hakuwa na anwani ya hata mmoja. Sifa zote walizomwandikia zilibaki kule kwenye ukurasa uliofungwa.

Nilimsimulia wifi habari hii akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Ikitokea kwetu mwezi wa Januari, shule zinafunguliwa, mimi nitamwambia nini mwalimu mkuu?"

Kwa hiyo swali la pili baada ya "nani anamleta mteja" ni "mteja akishakuja ni wa nani". Kwenye masoko, mnunuzi ni wa soko. Amazon haikupi hata barua pepe yake halisi. Etsy inakuonyesha taarifa za oda, lakini hairuhusu kuzitumia kumtumia matangazo mtu ambaye hakukubali. Kwenye duka lako mwenyewe, mteja anapokubali kupokea habari zako, jina lake linaingia kwenye daftari lako, na daftari hilo unaweza kulishusha kama faili na kuliweka kwenye kompyuta ya nyumbani. Hata Shopify nayo ni nyumba ya kupanga na inaweza kukufungia, lakini ukiwa na faili la wateja na jina la tovuti linalomilikiwa na wewe, unahamia kwingine na wateja wanakufuata.

Fedha zitatua wapi?

Hapa ndipo familia zetu zinapotofautiana na wafanyabiashara wengine, kwa sababu mara nyingi duka liko nchi mbili.

Malipo ya ndani ya Shopify hupatikana kwa biashara zilizosajiliwa katika nchi zilizo kwenye orodha yake tu. Marekani, Uingereza na Kanada zimo. Kenya na Tanzania hazimo. Ukitumia mlango mwingine wa malipo badala ya ule wa Shopify, mpango wa Basic unakukata asilimia 2 zaidi, juu ya kile kinachokatwa na mwenye mlango huo. Stripe pia haifungui akaunti ya biashara iliyosajiliwa Kenya au Tanzania. Ndiyo maana kwetu duka limesajiliwa Texas, fedha zinaingia benki ya huku, na mimi humtumia wifi fungu lake. Katika mpango huo mwenye akaunti ni mimi, mwenye jasho ni wawili, kwa hiyo tuliandikiana makubaliano. Ni ukurasa mmoja tu: fungu la kila mmoja, tarehe ya kutumiana, na nani anabeba hasara ya mzigo uliopotea. Undugu haudhuriki kwa kuandikiana.

Kama wateja wako wako nyumbani, mambo hugeuka. Mtu wa Nairobi au Kampala hatatafuta kadi wakati ana fedha kwenye simu. M-Pesa ipo Kenya tangu 2007, na kulipa kwa simu ndiyo kawaida. Kwa duka la namna hiyo, WooCommerce pamoja na Pesapal, kampuni ya Kenya inayopokea kadi na fedha za simu, ni njia nyepesi. Walio Saudia wana majukwaa ya hukohuko, Salla na Zid, yaliyojengwa kwa Kiarabu. Katika nchi za Ghuba, wanunuzi wengi bado hupenda kulipa fedha taslimu mzigo unapofika mlangoni, kwa hiyo jukwaa lako lazima liruhusu hilo.

Forodha imebadilika

Wazo la kwanza la wifi lilikuwa atume kila oda moja kwa moja kutoka Mombasa hadi kwa mteja wa Marekani. Zamani lilikuwa wazo zuri, kwa sababu vifurushi vya thamani isiyozidi dola 800 vilikuwa vikiingia Marekani bila ushuru. Tarehe 29 Agosti 2025 msamaha huo ulisimamishwa kwa nchi zote. Doti moja ya dola 30 nayo sasa inahesabiwa, na mteja anayedaiwa ushuru mlangoni hurudisha mzigo kisha anaandika malalamiko. Tuliona heri mzigo uje kwa wingi, tulipe ushuru mara moja, halafu oda zitoke Dallas.

Nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2021, hutoza kodi ya ongezeko la thamani kwa kila kifurushi kinachotoka nje, hata cha bei ndogo. Uingereza, tangu Januari 2021, mizigo isiyozidi pauni 135 hutozwa kodi hiyo wakati wa kuuza. Mauzo yakipita kwenye soko la mtandaoni, mwenye soko ndiye anayeikusanya. Ukiuza kwenye duka lako mwenyewe kutoka nje ya nchi hizo, mzigo wa makaratasi ni wako.

Kodi ya mauzo ya Marekani iko hivyohivyo. Etsy na Amazon huikusanya na kuipeleka serikalini kwa niaba yako. Shopify na WooCommerce zinaweza kuihesabu, lakini anayejisajili na kuipeleka ni wewe. Hapa Texas kibali cha kukusanya kodi hiyo hutolewa bure na ofisi ya Comptroller, na kiwango hakizidi asilimia 8.25. Kujisajili si kazi kubwa. Kukumbuka kujaza fomu kwa wakati ndiko kunakohitaji mtu.

Kwa walio Uingereza, mapato ya biashara ndogo yasiyozidi pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi hayatangazwi. Tangu 2024 majukwaa huripoti HMRC habari za muuzaji aliyefikisha mauzo 30 au yuro 2,000 kwa mwaka. Kuripotiwa si lazima iwe unadaiwa, ila usidhani hakuna anayeona. Na mteja aliyenunua mtandaoni kule ana siku 14 za kubadili nia na kurudisha bidhaa, kwa hiyo tenga fedha ya marejesho.

Neno kwa wanafunzi

Wanafunzi wengi hutuandikia kwamba wanataka duka kwa sababu ada imepanda na saa za kazi ni chache. Kabla ya jukwaa lolote, soma viza yako. Uingereza, mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri wala kuendesha biashara, hata kama saa zake 20 za kazi kwa wiki hajazimaliza. Marekani, mwenye viza ya F-1 haruhusiwi kufanya kazi nje ya chuo bila idhini, na kuendesha duka ni kazi. Kuuza koti lako la zamani ni jambo jingine. Kuagiza mzigo na kuuza kila wiki ni biashara. Kuandika duka jina la shangazi huku wewe ndiye unayeliendesha hakubadilishi kitu. Fedha ya mikoba michache haifai kukugharimu shahada. Kwanza nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwako, uulize.

Vilevile kwa walio Ghuba: katika Falme za Kiarabu biashara ya mtandaoni inahitaji leseni, hata ile ya kuuza kupitia Instagram. Popote ulipo Ghuba, uliza kwanza kama aina yako ya ukaazi inakuruhusu.

Tulivyoamua, na wewe ufanyeje

Sisi tuliweka mikoba na vitambaa vichache Etsy, kwa ajili ya wageni. Kanga, vikoi na oda za harusi tukaziweka kwenye duka letu la Shopify, na kila Mswahili anayetuandikia WhatsApp hupewa kiungo cha huko. Hatukuchagua WooCommerce kwa sababu nyumbani kwetu hakuna wa kuziba paa. Kila mkoba una lebo iliyoshonwa yenye jina la duka, ili mgeni akitaka mwingine mwakani ajue amtafute nani. Lakini aliyeanza oda Etsy anaimalizia Etsy: kumvuta mnunuzi nje katikati ya oda ni kuvunja kanuni, na ni njia ya haraka ya kufungiwa.

Wifi bado anasema tungeweka kila kitu Etsy. Ana hoja: miezi mingine mikoba ya Etsy huuza kuliko duka zima. Mimi nami humwonyesha daftari la wateja, ambalo Idi iliyopita lilitupa oda za sare za kutosha bila kulipa tangazo hata moja. Hatujakubaliana kabisa, lakini ada ya muhula huu imelipwa kutoka milango yote miwili.

Kwa familia yako, nashauri hivi. Kama unauza oda chache kwa mwezi na wote ni watu unaowajua, huhitaji duka bado. Katalogi ya WhatsApp Business haina malipo, na kiungo cha malipo cha Stripe kitakukata asilimia 2.9 na senti 30 bila kodi ya mwezi. Kama unatengeneza kwa mikono na wanunuzi wako ni wageni, anzia Etsy, na siku ya kwanza jiondoe kwenye matangazo ya asilimia 15 mpaka ujue faida yako inayabeba. Kama wateja wanarudi kwako kwa jina na umepita oda 16 kwa mwezi kwa miezi mitatu mfululizo, fungua duka lako. Kama wateja wako Afrika Mashariki, anza na swali la M-Pesa, kisha ndipo utazame mengine.

Na kabla hamjalipa popote, kaeni chini kama familia mjibu haya:

Jina la tovuti limesajiliwa kwa jina la nani? Lisiwe la rafiki aliyewasaidia wala la fundi wa kompyuta. Likiwa lake, duka ni lake.

Namba ya siri ya kuthibitisha huingia kwenye simu ya nani? Kama ni laini ya mtu anayesafiri mara kwa mara, tafuteni njia ya pili na muiandike mahali salama.

Faili la wateja na la oda hushushwa lini? Sisi ni kila Jumapili ya mwisho wa mwezi.

Fedha ikizuiwa kwa mwezi mmoja, nani ataumia kwanza? Kama ni mtoto anayesubiri ada, wekeni akiba ya mwezi mmoja pembeni kabla ya kununua mzigo mwingine. Sisi tuliianza kwa kutenga dola tatu kwa kila doti, na haikuchukua mwaka kutimia.